Sura ya Tano: Itifaki, au Mapatano Yatanguliayo Waya

Katika nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga hadi Kahama na kuendelea mpaka Geita, kaya za mashambani aghalabu hazisongamani kama nyumba za mitaa ya pwani. Kila moja imekaa katikati ya mashamba yake ya pamba, mpunga na mahindi, na baina ya kaya na kaya hupita uwanda wa mbuga ambao usiku wa giza hauonyeshi hata njia ya ng'ombe. Mtu akiibiwa mifugo usiku wa namna hiyo, hana wasaa wa kuwaendea jirani zake mmoja mmoja kabla mwizi hajatokomea. Kwa hiyo hupiga mwano, ndilo yowe la hadhari ambalo kila alisikiaye amefungwa na desturi kulipokea, kulikariri kwa sauti yake mwenyewe ili lifike mbele zaidi, na kisha kutoka nje kuufuata upande lilikotokea. Jeshi la jadi la Sungusungu lilipozuka mwaka 1982 katika mipaka ya Kahama na Nzega, halikulazimika kubuni njia ya kupashana habari; liliikuta imekwisha kuwapo, likaitia nidhamu.

Autazamaye mwano juu juu atadhani kwamba nguvu yake i katika mapafu ya mpigaji, ilhali mapafu ni sehemu ndogo kabisa ya habari yake. Mwano hufaa kwa sababu watu wakaao mbalimbali, wasioonana gizani, walikwisha kupatana zamani, mchana, wakiwa na utulivu, juu ya mambo kadha wa kadha: kwamba sauti ya namna hii maana yake ni hii wala si nyingine, kwamba aisikiaye ana wajibu wa kuipeleka mbele, kwamba dalili ya kuwa imepokewa ni kumsikia jirani naye akiikariri, na kwamba asiyesikia mwitikio hana budi kupiga tena. Yaondoe mapatano hayo, na kitakachosalia ni kelele ya mtu mmoja katika uwanda mpana.

Neno ambalo Kiswahili kimelichagua kuwa jina la kanuni za mawasiliano ya kompyuta ni itifaki, na kwa rai yangu ni vigumu kupata neno lifaalo zaidi. Neno la Kiingereza la maana hiyo asili yake ni Kiyunani, ambako lilikuwa jina la karatasi ya kwanza iliyogundishwa mwanzoni mwa gombo la hati. Bali itifaki, lililotujia kutoka Kiarabu na kukaa katika vinywa vya watu wa pwani kabla ya kompyuta kuundwa, maana yake ni kupatana, kuwa na shauri moja. Basi sura hii inakusudia kueleza somo moja la uhandisi, nalo ni somo la mawasiliano ya data na mitandao ya kompyuta, kwa kulishika neno hilo kama mwenge. Kwani imani yangu, niliyoipata kwa kuishi katika nchi hii ya almasi na dhahabu, ni kwamba mtandao kwanza ni mapatano, kisha ndipo huwa waya, na kwamba kijana wa Shinyanga anayefundishwa waya kabla ya mapatano hupewa mwili usio na roho.

Somo lenyewe limo katika ratiba za vyuo vyetu vinavyofundisha uhandisi wa kompyuta na wa mawasiliano: katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, na ambacho leo hufundisha taaluma hizi katika ndaki yake ya Kijitonyama, katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwingineko. Shahada ya uhandisi huchukua miaka minne, na mwanafunzi hulikuta somo hili akiwa amekwisha kupita katika hesabu na umeme. Jambo la kwanza analoonyeshwa, karibu katika kila chuo duniani, ni picha ya tabaka saba zilizopandana kama ghorofa, ambazo Shirika la Kimataifa la Viwango lilizitangaza mwaka 1984. Na wanafunzi wengi huzikariri majina kama watoto wakaririvyo majina ya miezi, wakafaulu mtihani, wakazisahau.

Afadhali wangaliambiwa habari ya barua. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, karani wa Shinyanga aliyetaka kumwandikia nduguye aliyeko Dar es Salaam aliandika maneno yake, akayatia katika bahasha, akaandika anwani, akaikabidhi posta. Posta ikaitia bahasha hiyo pamoja na nyingine katika mfuko, ikaufunga kwa lakiri, ikaupeleka stesheni. Na dereva wa gari moshi akauvuta mfuko ule pamoja na pamba na abiria. Tazama jinsi kila mmoja alivyojua lake tu: dereva hakujua anwani, mtu wa posta hakuyajua maneno ya ndani, na mwandishi hakuwa na haja ya kujua moto unavyochochewa. Na kwa sababu hiyo, treni za mvuke zilipoondolewa zikaja za dizeli, hapana mtu aliyelazimika kujifunza upya kuandika barua. Hiyo ndiyo maana ya tabaka. Kila tabaka hupatana na mwenzake wa upande wa pili juu ya jambo moja tu, na huiamini ile iliyo chini yake bila kuichungulia. Ndiyo maana waya wa shaba umeweza kuondolewa na kioo kikawekwa mahali pake, na mwenye simu mkononi hakubadili hata tarakimu moja.

Madhali tumekitaja kioo, na tushuke katika tabaka ya chini kabisa. Waya wa kwanza wa simu za maandishi kuifikia pwani yetu ulilazwa baharini mwaka 1879, kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, na kwa muda wa miaka mia na zaidi habari za bara zilipita katika nyaya, redio na setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano ya namna iliyotumika wakati huo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hata neno likipanda huko na kushuka hutumia karibu robo ya sekunde, na jibu lake robo nyingine. Aliyepata kuzungumza kwa simu za namna hiyo anakumbuka ule ukimya ambao humfanya kila mmoja adhani mwenziwe amekatika. Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Na katika muda huo huo Serikali ikaanza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliozichukua nyuzi za kioo kutoka pwani mpaka mikoani, Shinyanga ikiwamo.

Nimepata kuketi kando ya barabara itokayo Isaka kwenda Kahama, nikimtazama fundi akiunga mkongo uliokatwa na jembe la mtambo wa kuchimbia mitaro. Alipanga turubai kuzuia vumbi, kwani vumbi la huko ni jekundu na jepesi, na chembe yake moja ni jabali mbele ya kazi yake. Alizimenya nyuzi, moja ya buluu, moja ya chungwa, moja ya kijani, kila moja kwa rangi yake ili isiungwe na mgeni; akaifuta kila moja kwa spiriti; akaikata ncha yake ikawa sawa kabisa; akazilaza ncha mbili ndani ya kimashine kidogo ambacho kioo chake kilizikuza hata zikaonekana kama magogo mawili yakikabiliana; kisha cheche ikapita, na magogo yakawa gogo moja. Uzi huo mzima, pamoja na gamba lake la kioo, unene wake ni thumuni ya milimita, na kiini ambacho nuru hupita ndani yake hakifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Katika kiini hicho nuru huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hata kilomita elfu moja hivi za kutoka Dar es Salaam hadi Shinyanga huzimaliza kwa sehemu tano za elfu za sekunde.

Walakini nuru nayo huchoka. Katika kila kilomita 15 hivi za kioo kilicho bora, nusu yake huliwa. Baada ya kilomita 30 husalia robo, na baada ya 90 husalia sehemu moja ya 64. Ndipo huhitajika kituo cha kuipa nguvu upya, kama msafara uhitajivyo kisima. Nilipomwuliza fundi yule alijuaje mahali penyewe pa kukatika, ilhali mkongo umefukiwa chini, aliniambia kwamba hupeleka mwale kutoka stesheni, akapima muda ambao mwangwi wake huchukua kurudi, na muda huo akiugeuza kuwa umbali hupata kilomita na mita. Mvulana apigaye kelele mbele ya miamba ya Shinyanga na kungoja sauti imrudie ameishika nusu ya elimu hiyo bila kujua.

Chini ya ardhi mambo hugeuka. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, ni mgodi wa kushuka ndani, na kina chake kimepita kilomita moja. Na mawimbi ya redio yaliyo mepesi hewani hufa mara yakutanapo na mwamba. Wahandisi wa migodi ya namna hiyo hutumia waya ambao ganda lake la nje limetobolewa makusudi, ili mawimbi yavuje kidogo kidogo katika urefu wote wa njia, na mtu yeyote apitaye karibu na redio yake aweze kusikia na kusikiwa. Juu ya ardhi waya unaovuja ni kasoro. Kule chini kuvuja ndiko faida yake. Nataka mwanafunzi alikumbuke hilo, kwani humwonya asiipime njia kwa kuitazama yenyewe tu, bali aipime kwa mahali ilipo na watu inaowahudumia.

Kila njia, iwe ya kioo, ya shaba au ya hewa, ina kelele, na hapo ndipo somo hili linapokuwa na ladha kuu. Nenda Nyarugusu, au mwalo wowote wa wachimbaji wadogo wa Geita, usimame karibu na karasha likisaga mawe ya dhahabu. Watu wawili wanahesabu viroba vya mawe: mmoja yuko juu ya gari akitaja idadi ya kila mwenye mali, mwingine yuko chini na daftari. Wa juu anasema "Sita!" na wa chini anasikia "Tisa." Kosa hilo si dogo, kwani ndani ya viroba vitatu vya tofauti huenda umo ujira wa mwezi mzima wa mtu aliyeshuka duarani kwa kamba. Basi wamejifunza, bila kufundishwa, kutaja namba na kuonyesha vidole pamoja, na wa chini huirudia namba kabla hajaiandika. Na mwisho wa kazi hujumlisha, kila mmoja kwa upande wake, wakalinganisha majumlisho.

Katika tendo lao hilo zimo sura tatu za kitabu cha uhandisi. Vidole pamoja na sauti ni ziada iliyotiwa makusudi ili kosa lionekane. Kurudia namba ni ithibati. Na majumlisho ya mwisho ndiyo ambayo kompyuta huyatia mkiani mwa kila furushi la data. Lakini maneno sita na tisa yana funzo lingine la ndani. Yatazame: herufi zake ni zile zile nne, zimebadilishana mahali tu. Mtu akibuni ulinzi wa kuzipa herufi thamani na kuzijumlisha, jumla ya sita na jumla ya tisa zitakuwa moja, na mlinzi wake atakuwa amelala wakati mwizi anapita. Ndiyo sababu wahandisi hawakuridhika na kujumlisha, wakatumia hesabu ya kugawanya, iliyoelezwa na W. Wesley Peterson mwaka 1961, ambayo humtazama kila biti pamoja na mahali alipoketi. Na kila furushi lipitalo katika waya wa ofisini leo hubeba mkiani biti 32 za hesabu hiyo. Na lau yule aliye juu ya gari angalisema kenda, kama walivyohesabu wazee wetu, pasingalizuka shaka yoyote, kwani sita na kenda hazikaribiani kwa sauti. Nalo ndilo shauri alilolifungulia njia Richard Hamming mwaka 1950, alipoonyesha kwamba ukichagua maneno yaliyo mbalimbali vya kutosha, hutaweza kulitambua kosa tu, bali utaweza na kulisahihisha bila ya kuuliza tena.

Aliyewatangulia wote hao ni Claude Shannon, ambaye mwaka 1948 alithibitisha jambo ambalo hata leo hunistaajabisha. Kabla yake wengi waliamini kwamba ukitaka makosa yapungue mpaka yakaribie kwisha, huna budi kupunguza mwendo mpaka nao ukaribie kwisha. Shannon alionyesha kwamba kila njia yenye kelele ina kipimo chake cha uwezo, kinachotokana na upana wake na jinsi sauti inavyoishinda kelele, na kwamba maadamu hukukipita kipimo hicho, inawezekana kupanga maneno yako hata makosa yawe machache kadiri upendavyo. Karasha languruma, wala hapana wa kulinyamazisha. Lakini ukweli unaweza kupita katikati ya ngurumo yake, kwa sharti kwamba msemaji na msikilizaji wawe wamepatana vema.

Sasa tupande tabaka, tuutazame ugawaji. Karne ya kumi na tisa misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ilipokwenda Bagamoyo na kurudi, shehena haikubebwa kwa mkupuo mmoja. Iligawanywa katika mizigo ya frasila mbili hivi, kiasi awezacho mtu mmoja, na kila mzigo ukawa na mtu wake. Daraja likivunjika au mto ukifurika, walio mbele waliweza kuvuka na walio nyuma kupitia kwingine, wakakutana kambini. Data za kompyuta hukatwa vivyo hivyo katika vipande viitwavyo pakiti, ambavyo katika waya wa ofisini havizidi kwa kawaida baiti 1,500 kimoja; na kila pakiti hubeba anwani ya itokako na ya iendako, ikashika njia yake kutoka rauta hadi rauta, na kila rauta huitazama anwani na kuielekeza mbele hatua moja tu. Walioitunga fikra hiyo katika miaka ya 1960, kila mmoja kwa upande wake, ni Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza.

Rauta haiahidi chochote zaidi ya kujitahidi. Ikielemewa, huziacha pakiti zianguke, wala haimwambii mtu. Mgeni wa somo hili hudhani kwamba huo ni uzembe wa waundaji, na hukasirika. Bali uzuri wote wa intaneti umejengwa juu ya ukweli huo usiofichwa. Vint Cerf na Bob Kahn, katika makala yao ya mwaka 1974, waliuchukua mtandao kama ulivyo, wenye kupoteza na kuchanganya, wakauweka uaminifu mikononi mwa walio mwisho wa njia, yaani mtumaji na mpokeaji: zitiwe pakiti namba, mpokeaji aithibitishe kila aliyoipata, na mtumaji asiyepata ithibati kwa muda uliopimwa atume tena. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani ulihamia itifaki hiyo, nayo ndiyo ichukuayo leo bei ya dhahabu kutoka soko la London mpaka soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019, ambako muuzaji wa gramu tano huijua kabla mizani haijatulia.

Lakini kutuma tena kuna mtego, na mtego huo niliuona kwa macho yangu Katoro, siku ya gulio, katika kibanda cha wakala wa kutuma pesa kwa simu. Kijana mmoja, nguo zake zingali na udongo wa mgodini, alikuwa amempa dada wakala shilingi 50,000 zimfikie mama yake Maswa. Dada akabonyeza, akangoja, ujumbe haukuja.

"Dada, imekwenda?"

"Subiri kidogo kaka, mtandao unasumbua."

"Basi si urudie tu? Mama yuko dukani anangoja."

"Nikirudia ikaenda mara mbili, nani atanilipa mimi?"

Wakanyamaza wote wawili, wakiitazama simu iliyolazwa juu ya meza, na foleni ikanyamaza pamoja nao. Dada yule alikuwa amelitaja, kwa maneno machache, swali ambalo wataalamu walithibitisha mwaka 1975 kwamba halina jawabu kamili: mtu aliyetuma na asijibiwe hawezi kujua kama ombi lake limepotea njiani, au limefika likatendwa na jibu ndilo lililopotea, kwani mbele yake yote mawili huonekana ukimya ule ule. Na hata ukitaka ithibati ya ithibati, na ithibati ya hiyo nayo, hutafika mwisho, maana ile ya mwisho daima inaweza kupotea.

Hata hivyo wahandisi wamepata njia ya kuishi na ukimya huo, nayo ni namba. Kila muamala ukipewa namba yake tangu unapozaliwa, mtumaji anaweza kuukariri mara kumi kwa namba ile ile bila hofu. Mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuitendea kazi, hatoi pesa tena, bali hulirudia jibu lake la kwanza. Hivyo kurudia, ambako kwa dada wa Katoro kulikuwa hatari, kunakuwa ibada isiyodhuru. Baada ya dakika kama tatu simu ilitikisika juu ya meza, na neno la kwanza la ujumbe lilikuwa "Imethibitishwa." Kijana akalisoma mara mbili, akasema "Ahsante dada," akaondoka. Tangu huduma hizi zilipoanza Tanzania mwaka 2008, neno hilo, ambalo asili yake ni moja na ithibati, limekuwa miongoni mwa maneno yasomwayo sana katika lugha yetu, na ni wachache wajuao kwamba ndani yake imo hoja nzima ya uhandisi.

Kuna na adabu. Mwezi Oktoba 1986, baina ya maabara moja ya California na Chuo Kikuu cha Berkeley kilicho jirani yake, mwendo wa mtandao ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hapana waya uliokatika; ila kila kompyuta, isipopata ithibati, ilikariri kwa haraka, na kukariri kwa wote kukaizidisha foleni iliyowachelewesha wote. Van Jacobson, katika makala yake ya mwaka 1988, alieleza dawa: aonaye dalili ya msongamano apunguze mwendo wake mara moja, kisha aongeze pole pole njia inapofunguka. Hakuna askari anayeilazimisha kompyuta kutii hilo. Ni mapatano tu, nayo yanashikwa mpaka leo, na bila hayo mtandao wa dunia ungalijisonga wenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tulijifunza hekima nyingine tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya Seacom na EASSy ilipokatika siku moja katika kipande cha bahari kilicho baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kampuni mbili, mikongo miwili, majina mawili. Walakini iliyalaza maungo yake karibu karibu, na balaa likaifikia pamoja. Rauta zilifanya wajibu wake, zikazitafutia pakiti njia nyingine, lakini njia zilizosalia zilikuwa nyembamba, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoona mwendo ukizorota. Mhandisi mchanga na aandike pembeni ya daftari lake kwamba wingi wa njia hauhesabiwi kwa majina yake, bali kwa vivuko vyake. Na atakapoombwa kuunganisha hospitali ya wilaya au mgodi, asitosheke kuuliza kuna mikongo mingapi, bali aulize kila mmoja unavukia wapi, na kama miwili inapita chini ya daraja moja, aihesabu kuwa mmoja.

Hayo yote hufundishwa, nami siwashutumu walimu, ambao wengi wao hufundisha madarasa makubwa kwa vyombo vichache. Lakini natamani mwalimu mmoja, katika chuo chochote kilicho karibu na nchi hii, alianze somo hili nje ya darasa. Awachukue wanafunzi wake thelathini katika uwanda ulio wazi, alasiri upepo ukivuma, awasimamishe katika mstari, kila mmoja hatua hamsini kutoka kwa mwenziwe. Ampe wa kwanza karatasi yenye namba ya tarakimu tisa, zikiwamo sita na tisa, na awaamuru waifikishe kwa wa mwisho bila mtu kuondoka mahali pake, kwa sauti na mikono tu. Siku ya kwanza namba itafika imeharibika, nao watalaumiana. Siku ya pili mmoja atapendekeza kuitikia, mwingine atapendekeza kuhesabu, mwingine atasema heri tuseme kenda. Siku ya tatu, namba ikiisha kufika salama, ndipo mwalimu awaketishe kivulini na kuwatajia majina ya Hamming, Shannon, Cerf na Kahn, kama watu waliopata taabu ile ile katika uwanda mwingine. Na awaulize ni nani miongoni mwao aliyemsikia babu yake akisimulia habari za mwano.

Mwanafunzi aliyeipata itifaki kwa koo lake mwenyewe, siku atakaposimama usiku wa manane mbele ya rauta iliyonyamaza, iwe katika mgodi wa Geita au katika zahanati ya Kishapu, hatakiona kile kisanduku chenye taa kuwa kitu cha kigeni kilichofungiwa akili zake ndani. Atakiona kuwa jirani aliyepaswa kuupokea mwano, naye atakuwa na maswali matatu ya kumwuliza, ambayo ndiyo uhandisi wenyewe: umesikia nini, umempa nani, na ni nani aliyekuitikia?